Mkeka Uliotoka Msibani

Boksi la gitaa lilikuwa kitandani, limefunguliwa, tupu. Ndani kulibaki kitambaa cha kufutia nyuzi, na umbo la gitaa lililobonyea kwenye sufi, kama godoro la mtu aliyelala upande mmoja miaka mingi halafu akaondoka.

Mwenye gitaa alikuwa sakafuni, bila viatu, kofia yake ya pama mapajani. Huyo ndiye Saady, mwimbaji wa kantri. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, lakini mdomo ulikuwa ukimcheza kama mtoto aliyepoteza ng'ombe wa watu.

"Ulitoka humu saa ngapi?" Inspekta Mwajabu aliuliza.

"Tulipofika tu, afande. Niliweka gitaa, nikavuka barabara na wenzangu kula. Sahani hatukuimaliza."

"Mlango?"

"Niliurudishia tu. Ufunguo upo kaunta, na kaunta hapakuwa na mtu. Wote wako msibani."

Hilo lilikuwa kweli. Jirani na ile nyumba ya wageni, pale Kibondo mjini, mzee mmoja alikuwa amefariki, na Jumapili ile ndiyo walikuwa wametoka kumzika. Nyumba ya marehemu ni ndogo. Basi mwenye nyumba ya wageni akawafungulia akina mama baraza lake la nyuma, wakatandika mikeka yao huko na kukaa na kilio chao.

Koplo Khamisi alishika nondo za dirisha moja moja. Zote nzima. Juu ya meza kulikuwa na simu mbili za wanamuziki. Saa ya mkononi ya Saady ilikuwa kwenye mto, inametameta.

"Mwizi gani huyu, afande? Anaacha simu, anabeba mti wenye nyuzi!"

Mwajabu alipuliza unga wa kuchukulia alama za vidole kwenye kifuniko cha boksi. Vidole vilijitokeza, vyembamba, si vya Saady.

"Leo saa kumi ndiyo onyesho," Saady alisema. "Watu wametoka Kitahana, wametoka Mabamba kwa miguu. Gitaa lile aliniachia baba. Mimi na jingine siimbi."

"Na ule wimbo mpya nao ndiyo basi," Mwajabu alisema.

Saady aliinua macho. "Wimbo mpya gani, afande? Nimeuimba jana Kasulu tu. Kibondo hakuna aliyeusikia."

Mwajabu alijifanya anatafuta kalamu. "Watu wanasema," alisema. "Habari haina miguu lakini inatembea."

Geti la nyumba ile lilikuwa moja. Mlinzi wake alikuwa Harerimana, mtu wa makamo, mpole, aliyevuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia kambini, akapata uraia, akaoa, akajenga. Khamisi alimleta amemshika mkono juu ya kiwiko.

"Unaitwa nani?" Mwajabu aliuliza.

"Harerimana."

"Kabila?"

"Mimi ni Mtanzania, afande."

"Nimekuuliza kabila. Umetokea wapi?"

"Nimetokea Burundi, nikiwa mtoto."

"Geti uliliacha?"

"Oya, hapana. Sikuliacha hata kidogo."

"Basi gitaa limetoka na upepo?" Khamisi alidakia. "Au limeota mabawa?"

"Sikuona gitaa."

"Hukuliacha geti, gitaa halipo, na hukuona kitu. Afande, huyu si ndiye?"

Harerimana alitazama kule barazani kwa akina mama, akainamisha kichwa. Mwajabu aliona ule mtazamo. Angemuuliza. Lakini mwili ulikuwa na uchovu wa safari, na moyoni alikuwa na jambo lake ambalo hakutaka liguswe. Akasema, "Mpeleke mahabusu."

Wakampitisha katikati ya watu. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Hawa ndivyo walivyo." Harerimana alilisikia. Mwajabu naye alilisikia.

*

Sasa jambo lenyewe la Mwajabu ni hili.

Siku ya Jumamosi alikuwa amemwomba mkubwa wake ruhusa aende Kasulu, shangazi yake anaumwa. Shangazi alikuwa mzima, anapalilia maharage. Mwajabu alikwenda kwenye muziki.

Alikuwa shabiki wa kantri tangu utoto, tangu kusikiliza kipindi cha Jumapili kwenye redio ya baba yake, dukani Kasulu. Ila inspekta wa polisi, binti wa watu wa msikitini, ataonekanaje uwanjani na kofia ya pama? Basi alivaa shati la drafti, akashusha kofia hadi kwenye nyusi, akaingia mchana kweupe kama mwizi.

Getini mwa uwanja palikuwa na muuza mitumba. Katikati ya viatu vyake kulikuwa na jozi moja ya buti ndefu za ngozi, nyekundu, zimeshonwa maua pembeni. Mwajabu alinyoosha mkono. Mkono mwingine ukatua juu ya wake.

Alikuwa Zaitun, mke wa Nurudini mwenye duka pale Kibondo, lile linalotazamana na nyumba ya wageni. Wote wawili waliganda. Halafu wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Hukuniona, dada," Zaitun alisema.

"Wala wewe hukuniona. Mimi leo niko kwa shangazi, anaumwa."

"Na mimi niko Titye, nafagia kaburi la mama."

Buti zilimbana Mwajabu. Zaitun akakaa chini, Mwajabu akamsaidia kuvuta. "Vuta, dada, huu mguu umelima mihogo!" Zikamwingia sawasawa. Wakaingia uwanjani wameshikana mikono kama wasichana.

Ah, siku ile! Wazee wamevaa kofia za pama, vijana wamefunga vitambaa shingoni, watu wanapiga mguu chini kwa pamoja hadi vumbi jekundu likasimama kama ukungu. Saady akaingia na gitaa lake. Akiimba habari ya ng'ombe aliyepotea, watu walikuwa wanamwona ng'ombe. Zaitun alizijua nyimbo zote. Aliimba kwa sauti, kichwa nyuma, machozi na kicheko pamoja.

Halafu Saady akasema, "Wimbo huu ni mpya. Nilipewa na mama mmoja, soko la Mabamba. Aliniomba nisimtaje."

Uwanja ukatulia.

*Nilitua mkungu, nikapiga makofi,*
*nikasema mwanangu, ni wewe kweli?*
*Akatazama kando, akatazama watu,*
*akaniuliza bei ya ndizi.*

Buti nyekundu zikaacha kupiga mguu. Mwajabu alikuwa amefumba macho, anaimba kiitikio na watu. Alipogeuka, Zaitun hayupo. Kofia yake ilikuwa kwenye majani, watu wanaikanyaga. Mwajabu akafikiri amekwenda kujisaidia. Akasikiliza wimbo hadi mwisho, akalia kidogo, na asubuhi akarudi Kibondo kwa basi la kwanza.

Hiyo ndiyo habari aliyokuwa ameikalia. Pale chumbani, mbele ya boksi tupu, kofia ile iliyokanyagwa ilimjia akilini. Akaifukuza. Maana kuitaja ile kofia ni kutaja na yake.

*

Jioni ile walipita kuuliza wenye maduka wanaotazamana na geti. Nurudini alikuwa Kigoma kufuata bidhaa. Dukani walimkuta Zaitun anapima maharage, na mama mkwe wake, Bi Kuruthumu, amekaa kwenye kiti cha kamba, tasbihi mkononi.

"Karibu, mwanangu," Bi Kuruthumu alisema. "Mmempata mwizi, tunasikia."

"Tunauliza tu, bibi. Zaitun, leo ulikuwa hapa dukani?"

"Nimerudi mchana, afande. Nilisafiri."

"Ulikuwa wapi?"

"Titye." Maharage yalimiminika kwenye mfuko. "Kaburini kwa mama."

"Nilimpa marashi akamnyunyizie mwenzangu," Bi Kuruthumu alisema. "Na ubani. Sikujaliwa kumwona, huyo mama yake, lakini aliyezaa mtoto huyu hakuzaa bure. Mkwe anayekumbuka kaburi la mzazi wake, hiyo ni neema."

Zaitun hakuinua uso.

"Ulishukia wapi kwenye basi?" Mwajabu aliuliza.

"Stendi."

"Ukapita nyumba ya wageni?"

"Hapana."

"Titye kukoje?"

"Vumbi tu, afande." Ndipo akainua macho, na yalikuwa mekundu. "Na shangazi yako anaendeleaje? Nasikia ulikwenda kumuuguza."

Khamisi akageuka. "Eh, kweli, afande! Hata mimi sijakuuliza. Shangazi vipi?"

Zaitun alimtazama, na macho yake hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa yanaomba.

"Hajambo," Mwajabu alisema. "Khamisi, twende."

Alivuka barabara kama aliyejitwisha debe la mawese lisilo na mfuniko.

Kituoni, nje ya mlango, mke wa Harerimana alikuwa amekaa chini na bakuli la maharage lililofungwa kwa kitambaa. Kifuani alikuwa amebana mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na cheti cha uraia cha mumewe.

"Nimekileta mkione," alisema.

"Hatujakiuliza, mama."

"Mtakiuliza. Wakishasema ni mwizi, watoto wangu shuleni wataambiwa warudi kwao. Kwao ni hapa, afande. Mkubwa amezaliwa palepale hospitali yenu."

Mwajabu alipokea lile bakuli kwa mikono miwili, akalipeleka ndani mwenyewe. Harerimana alikuwa ameegemea ukuta. Alisema asante. Asante hiyo ilimuuma Mwajabu kuliko angetukanwa.

*

Asubuhi alikwenda kutoa mkono wa pole kule msibani. Alijifunika kanga, akaketi na wenzake barazani. Hajakaa sawa, akasikia ugomvi.

"Mimi nasema mkeka wangu uko wapi?" Alikuwa mama mmoja anaitwa Safina, ametoka Kitahana tangu juzi. "Nimelala kwenye saruji kama mbuzi!"

"Safina, hapa ni msibani. Mkeka utaonekana."

"Utaonekana wapi? Mkeka hautoki msibani kabla matanga hayajaanuliwa! Anayetoka na mkeka anabeba kifo anapeleka kwake. Hata mtoto anajua. Huyo aliyeuchukua ana moyo gani?"

"Uliuona mara ya mwisho lini?" Mwajabu aliuliza taratibu.

"Tulipokuwa tunapokea watu wa mazikoni. Niliuacha umekunjwa, umesimama pale kwenye kona. Mkeka mpana, wa watu wanne, na blanketi ndani yake. Narudi, kona nyeupe."

Mwajabu alitazama kona. Kutoka pale hadi mlango wa chumba cha Saady ni hatua chache.

Alisimama hata chai hajanywa.

Mahabusu alimkuta Harerimana anapiga magoti, anasali. Akamsubiri. Halafu akakaa naye chini sakafuni.

"Harerimana. Jana, nani alitoka getini na mkeka?"

Yule baba alijikung'uta magoti.

"Mama mmoja," alisema. "Mkeka kichwani, mnene. Amejifunika kanga usoni."

"Hukumsimamisha?"

"Afande, mtu ametoka kwenye kilio, nimsimamishe nipekue mkeka wake? Ningekuwa mtu gani? Nilisimama, nikavua kofia, nikamwambia pole kwa msiba, mama."

"Akasemaje?"

"Alisema murakoze, yaani asante. Kwa sauti ya nyumbani, ya ng'ambo kule. Nikajua ni wa kwetu. Nikashangaa tu, mbona anatoka na mkeka siku ya mazishi? Nikasema labda ana yake makubwa."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ningemtaja mwanamke aliyefiwa, mbele ya watu, kwa wizi? Sina hakika naye. Na tena ni wa kwetu, tukitajana sisi kwa sisi tutakwisha." Alipangusa uso. "Halafu hukuniuliza nilichoona, afande. Uliniuliza nilikotoka."

Mwajabu alitazama miguu yake mwenyewe.

"Ni kweli," alisema. "Kuna kingine ulichoona?"

"Viatu. Nilikuwa nimeinamisha macho kwa heshima, nikaviona. Viatu virefu vya ngozi, vyekundu, vina maua pembeni. Nikasema, huyu amekuja msibani na viatu vya ngoma?"

*

Khamisi alikuwa anakunywa chai ofisini.

"Chukua karatasi," Mwajabu alisema. "Andika maelezo ya shahidi."

"Shahidi gani, afande?"

"Mimi. Inspekta Mwajabu. Andika: Siku ya Jumamosi nilikuwa Kasulu uwanjani, kwenye muziki wa kantri. Nilivaa kofia ya pama. Nilicheza."

Khamisi aliweka kikombe chini. "Na shangazi?"

"Shangazi ni mzima kuliko mimi na wewe."

"Afande!" Kicheko kilimponyoka, akakizuia kwa kiganja. Halafu akaona uso wa mkubwa wake, kicheko kikafa.

"Cheka tu. Halafu andika. Nilimwona mtu ananunua buti nyekundu zenye maua. Nilimvalisha kwa mikono yangu hii. Nilimwona anaondoka katikati ya wimbo. Jana nilikuwa nalijua hilo, nikanyamaza kwa kuona haya, na mtu asiye na kosa amelala kwenye saruji. Andika vilevile. Kwa mkubwa nitalipeleka mwenyewe."

Khamisi aliandika. Kalamu ilikuwa nzito. Alipofika mwisho alisema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilimshika mkono vibaya yule baba."

Wakaenda dukani.

Bi Kuruthumu alikuwa palepale kwenye kiti chake. Mwajabu alimwamkia shikamoo, akasema amekuja kufanya upekuzi. Zaitun hakuuliza upekuzi wa nini. Alifungua mlango wa stoo mwenyewe, akasimama kando.

Nyuma ya magunia ya maharage kulikuwa na mkeka mpana, umesimamishwa ukutani. Khamisi aliulaza chini akaukunjua. Blanketi. Ndani ya blanketi, kanga mpya isiyofuliwa hata mara moja. Ndani ya kanga, gitaa.

Halikuwa na mkwaruzo. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa moja moja, ili shingo isipinde.

Pale mkeka ulipokuwa umesimama palikuwa na buti nyekundu. Mwajabu alitia mkono katika buti moja, akatoa kichupa cha marashi. Kizibo chake kilikuwa bado na utepe wa dukani.

Bi Kuruthumu alikuwa amesimama mlangoni. Tasbihi ilikuwa imetulia mkononi.

"Hayo ni marashi yangu," alisema. "Mbona hayajafunguliwa?"

Alimgeukia mkwewe.

"Zaitun, mwanangu. Kaburini kwa mama yako hukufika?"

Zaitun alipiga magoti pale kwenye punje za maharage, akajifunika uso kwa mikono.

*

Bi Kuruthumu alikataa kubaki dukani Zaitun alipopelekwa kituoni. Alisema, "Kama ni mkwe wangu, na masikio ni yangu." Akaketi kwenye benchi la ofisi. Saady alikuja kutambua kielelezo. Alilichukua gitaa, akalipapasa tumbo kama mtu anavyompapasa mgonjwa, akarudi nyuma ukutani. Alama za vidole zilikuwa zimelinganishwa. Hakukuwa na ubishi.

"Jina lako?" Mwajabu aliuliza.

"Zaitun."

"Hilo la ndoa. Ulilopewa na mama yako?"

Nje, mtu alikuwa anapampu baiskeli.

"Jeanne. Jeanne Nizigiyimana."

Bi Kuruthumu aligeuza shingo taratibu.

"Umezaliwa Titye?"

"Oya. Nimezaliwa ng'ambo. Titye nililima kwa watu, nikajifunza kusema kama wao. Kiha na Kirundi ni ndugu, hakuna aliyenijua. Nurudini aliponiposa nikasema mimi ni Muha, wazazi wamekufa. Nilichoka kuitwa mkimbizi, afande. Nilitaka siku moja tu niamke bila jina lile. Ikawa siku ya pili, ya tatu, ikawa ndoa."

"Na mama yako?"

"Mwaka juzi tulikwenda soko la Mabamba, mimi na mama mkwe. Kulikuwa na mama amejitwisha mkungu. Aliniona. Akautua. Akapiga makofi taratibu, kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia mtu waliyemkosa siku nyingi. Akasema, mwana wanje, mwanangu. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, anakuja. Nikamuuliza, hizi ndizi bei gani?"

Saady alifumba macho.

"Akafanyaje?"

"Akanitajia bei."

Pampu ya baiskeli ilinyamaza.

"Akanitajia bei, afande. Akakata ndizi, akanifungia kwa majani, akanipa kwa mikono miwili."

"Mimi niliomba apunguze," Bi Kuruthumu alisema. Sauti yake ilitoka mbali. "Nakumbuka. Nilimwambia, mama, punguza, tumetoka mbali. Akapunguza. Na zile ndizi nilizila mimi."

"Gitaa uliliiba kwa nini?" Mwajabu aliuliza.

"Ule wimbo. Nilikwenda Kasulu kufurahi, wewe uliniona. Kantri ndiyo kitu changu pekee ambacho sikukidanganya. Halafu nasikia mama yangu anatoka kwenye kipaza sauti, uwanja mzima unaniimba. Nikakimbia. Usiku kucha nikasema, kesho ataimba Kibondo, mama mkwe atasikia kutoka barazani kwake, atakumbuka soko, atakumbuka ndizi. Niliposhuka basi nikamwona huyu mwimbaji na wenzake wanavuka kwenda kula. Mlango umerudishiwa. Mikeka imesimama. Sikufikiri. Nilitaka wimbo ukae kimya, basi. Kulivunja nisingeweza. Nalipenda lile gitaa."

"Na Harerimana?"

Hapo ndipo alipolia kwa sauti.

"Alinivulia kofia. Alinipa pole, na mimi nimebeba wizi kichwani. Nikasikia wamemchukua. Nikasikia watu wanasema hawa ndivyo walivyo. Nami ni hawa. Nikaendelea kupima maharage."

Bi Kuruthumu alinyanyuka. Mwajabu alifikiri anaondoka. Lakini alimwendea mkwewe, akasimama mbele yake.

"Ungeniambia wewe ni wa ng'ambo, ningesema nini mimi? Bibi yangu aliletwa Ujiji amefungwa kamba, hata kwao hakupajua. Kabila lako si aibu yangu. Aibu yangu ni kwamba nimekula ndizi za mkwe mwenzangu kwa kumpunguzisha bei, na wewe umesimama pale unanitazama. Marashi, Zaitun. Nilikupa marashi ukamnyunyizie mtu anayepumua."

Akarudi benchini, akajifunika ushungi hadi machoni.

Saady alikohoa. "Afande, naweza kumuuliza? Mama, uliondoka wimbo ukiwa wapi?"

"Kwenye bei."

"Basi hukusikia mwisho." Alilitazama gitaa, nyuzi zimelegea, haliwezi kulia. Akalilaza mapajani. "Yule mama alinisimamisha Mabamba nikipita na gitaa mgongoni. Akaniambia, wewe unayeimba, mwanangu anapenda muziki huu tangu mdogo. Imba huko na huko, atasikia. Ila usinitaje, utamwaibisha. Ubeti wa mwisho nimeuandika kwa maneno yake."

Akaimba kwa mdomo mtupu, taratibu, kama mtu anayebembeleza:

*Bei niliyotaja ilikuwa ya watu,*
*kwako sijawahi kuuza kitu.*
*Pita tena sokoni, usiseme neno,*
*chukua mkungu, nikuone tu.*

Zaitun aliinama hadi paji la uso likagusa meza.

"Mimi sina mashitaka naye," Saady alisema.

"Hilo si langu wala lako," Mwajabu alisema. "Jalada litakwenda kwa wanaohusika. Lakini nitaandika ulivyosema." Kisha akamwita Khamisi. "Mlete Harerimana. Kwa heshima."

Harerimana aliingia anakunjua mikono ya shati. Mwajabu alisimama, na Khamisi akasimama.

"Umeachiwa huru," Mwajabu alisema. "Nilikukamata bila kukuuliza. Nilikuwa na ushahidi mdomoni nikaumeza kwa kuona haya. Nisamehe, baba. Nitakusindikiza mwenyewe hadi nyumbani, kwa miguu, katikati ya soko. Watu waone."

Harerimana aliitikia kwa kichwa. Halafu akamwona yule mwanamke mezani. Akatazama chini, akaona buti nyekundu kando ya kiti, zimewekewa karatasi ya kielelezo. Akaelewa. Kila mtu ofisini alisubiri atukane.

Alivua kofia.

"Pole kwa msiba, mama," alisema, kwa lugha ya kwao.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayedhani lazima kuna aliyekufa, maana bila hivyo mtu angebebaje mkeka siku ya mazishi?

Jeanne alipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Hakuna msiba, kaka," alisema. "Mama yangu yu hai. Anaitwa Immakulata. Anauza ndizi Mabamba."